Filamu za Kisiwa chenye Hazina: kwa nini karibu kila moja hubadilisha namna John Silver anavyoondoka?

Mleta uzi:

Wanajukwaa, nawasalimu. Wiki iliyopita nilirudia kutazama filamu ya mwaka 1950 iliyotengenezwa na kampuni ya Disney kutokana na riwaya ya Robert Louis Stevenson, Treasure Island, ambayo baadhi yetu tuliisoma kwanza kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, katika tafsiri ya zamani ya Frederick Johnson. Nilipofika mwisho niliirudisha nyuma, nikayatazama mandhari ya mwisho mara tatu, kisha nikachukua kitabu na kusoma tena sura ya 34, ambayo ndiyo ya kufungia. Tofauti niliyoiona ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu. Ni mrefu, kwa hiyo naomba subira yenu.

Katika kitabu, Silver, mpishi wa meli mwenye mguu mmoja ambaye kumbe ni kiongozi wa maharamia, haagwi na mtu. Skuna Hispaniola, meli yao ya matanga, imetia nanga katika ghuba tulivu, kwenye bandari moja ya Amerika iliyokuwa chini ya Wahispania. Jim Hawkins, kijana anayesimulia hadithi, pamoja na Daktari Livesey na Bwana Trelawney, wakubwa wa safari ya kutafuta hazina, wameshuka pwani, wamekutana na nahodha wa manowari ya Kiingereza, wamekaribishwa chomboni mwake, na maongezi yamenoga hata kunakaribia kupambazuka. Wanaporudi wanamkuta Ben Gunn, baharia waliyemkuta ametelekezwa kisiwani, yuko peke yake sitahani, naye anaungama, huku akijinyonganyonga kwa wasiwasi, kwamba Silver ameondoka saa kadhaa zilizopita kwa mashua ya wenyeji, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemsaidia, kwa sababu aliamini kuwa mtu yule wa mguu mmoja akiendelea kubaki melini wote watakufa. Silver hakuondoka mikono mitupu. Alikuwa ametoboa ukuta wa mbao bila mtu kumwona, akachukua mfuko mmoja wa sarafu, wa gini 300 au 400 hivi. Jim anasema kwamba wote walifurahi kuachana naye kwa hasara ndogo namna ile, na baada ya hapo hawakupata habari zake tena.

Katika filamu ya 1950, ambayo iliongozwa na Byron Haskin, mambo ni mengine kabisa. Silver ananyakua bastola, anajitwalia mashua yenye hazina, na Jim yumo humo pamoja naye. Mashua inakwama kwenye mchanga. Silver anamwamuru kijana ashuke akaisukume, kijana anakataa, bastola inaelekezwa usoni mwake, na muuaji yule aliyekwisha kuua watu wengi anashindwa kufyatua. Anaitupilia mbali fikra ile, anaanza kuhangaika peke yake na kasia, hana nguvu za kutosha kwa kuwa ana mguu mmoja. Hapo ndipo Jim anapokwenda mwenyewe kuisukuma mashua mpaka inaelea. Silver anakwenda zake, wanapungiana mikono, na hata Daktari Livesey anakiri kwamba moyoni mwake karibu anamtakia afike salama.

Ni mandhari yaliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, wala sioni haya kusema kwamba yalinitoa machozi nilipokuwa mtoto na yamenitoa tena sasa. Lakini filamu ya 1950 haiko peke yake. Ile ya mwaka 1934 ya studio za MGM, iliyoongozwa na Victor Fleming, ilikwisha kufanya jambo hilohilo: Jackie Cooper, aliyeigiza kama Jim, anamwacha Silver wa Wallace Beery atoroke, na kijana analia kwa uchungu wa kuachana naye. Katika Muppet Treasure Island ya 1996, ambamo Tim Curry ndiye Silver, Jim anamwacha tena aende zake, ingawa mashua anayoitumia haikufaa kwa safari na inazama. Katika Treasure Planet ya 2002, ambayo ilihamisha hadithi nzima kwenda angani miongoni mwa nyota, Jim anamfungulia Silver njia, wanakumbatiana, na Silver anamrushia sehemu ya vito alivyobaki navyo. Hizi ni filamu nne zilizotoka kati ya mwaka 1934 na 2002, zikiwa na waongozaji tofauti, na zote zimemtia Jim mkononi ufunguo ambao Stevenson alimnyima kwa makusudi.

Hoja yangu ni kwamba kukosekana kwa kwaheri ndilo jambo la kweli kuliko yote katika riwaya hii, na kwamba filamu zinapoiongeza zinamwonea huruma mtazamaji mahali ambapo kitabu kilimheshimu msomaji.

Ili nieleweke inabidi turudi kwenye pipa la matufaha. Kila anayeikumbuka hadithi anakumbuka kwamba Jim aliingia ndani ya pipa kutafuta tunda, akasinzia kidogo, kisha akamsikia Silver akiwaeleza wenziwe mpango wa uasi. Wachache wanakumbuka ni kitu gani hasa kilichomchoma Jim kwanza, kabla hata hajafahamu kwamba maisha yao wote yako hatarini. Siku walipokutana Bristol, katika kilabu cha pombe cha Silver, mpishi yule alimsifu Jim kwamba ingawa bado ni mtoto, akili yake ni kali, na kwamba aliliona hilo mara tu alipoingia mlangoni. Jim aliyabeba maneno yale kama zawadi. Alikuwa amefiwa na baba yake muda si mrefu, na hapa pakatokea mtu mzima, shujaa wa bahari, aliyemtambua na kumthamini. Sasa, akiwa amejikunyata ndani ya pipa, anamsikia Silver akimsifu baharia mwingine kijana kwa maneno yaleyale, karibu neno kwa neno, ili kumvuta katika kundi la waasi. Jim anasema kwamba laiti angeweza, angemuua Silver palepale kupitia mbao za pipa.

Anayesema maneno hayo ni mtoto aliyependa na aliyegundua kwamba penzi alilopewa lilikuwa chambo kilichokwisha kutumiwa kwa wengine. Uhasama kati ya mtu mwema na haramia hauelezi hasira ya namna hiyo. Kutoka pale hadithi yote inakuwa swali moja ambalo Jim halipatii jibu: je, Silver aliwahi kunipenda kweli, au nilikuwa chombo tu? Silver anamwokoa Jim mikononi mwa maharamia wenzake waliotaka kumuua ngomeni, lakini anamwokoa wakati ambapo yeye mwenyewe anahitaji shahidi wa kumtetea mbele ya sheria. Anapomwongoza kwenda kwenye hazina anamfunga kamba kiunoni na kumvuta kama mnyama, na macho yake yanaonyesha wazi kwamba dhahabu ikipatikana ataivunja ahadi yake. Dhahabu haikuwako, kwa sababu Ben Gunn alikwisha kuihamisha, na papo hapo Silver anageuka tena rafiki na kumpa Jim bastola. Kila tendo lake jema lina faida yake ndani yake. Msomaji hawezi kuzitenganisha, na Jim pia hawezi.

Sasa fikirieni filamu ya 1950 inavyofanya na mchanga ule na bastola ile. Inatoa jibu. Silver hawezi kumpiga risasi mtoto, kwa hiyo alimpenda. Jim anaisukuma mashua, kwa hiyo amemsamehe. Tunaweza kwenda kulala. Stevenson alimwacha Jim mtu mzima akiandika miaka mingi baadaye bila kujua. Aliyependa kisha akaachwa bila neno anaijua hali hiyo, nayo haifanani hata kidogo na kupungiana mikono.

Nisieleweke vibaya kuhusu filamu yenyewe. Robert Newton, Mwingereza aliyezaliwa Dorset mwaka 1905, ndiye Silver bora niliyewahi kumwona. Alichukua lafudhi ya magharibi ya Uingereza, ambako ndiko Bristol iliko, akaikuza, akaikokota mdomoni mpaka ikawa karibu wimbo, na tangu siku hiyo karibu kila haramia wa filamu, wa katuni na wa michezo ya watoto huzungumza kama Newton. Watu wengi wanaoigiza sauti hiyo hawajui kwamba inatoka kwa mtu mmoja na filamu moja. Macho yake yanazunguka, uso wake unabadilika kutoka upole hadi ukatili katika pumzi moja, na unaamini kabisa kwamba mtoto angemfuata mtu huyu popote.

Historia ya kutengenezwa kwake nayo inafaa kutajwa. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Uingereza ilizuia kampuni za Marekani kuhamisha fedha zote zilizopata kwenye sinema za huko, na Disney ikaamua kuzitumia palepale. Hivyo ndivyo ilivyopatikana filamu yake ya kwanza iliyoigizwa na watu pekee, bila katuni hata kidogo. Ilipigwa Uingereza mwaka 1949, na mpiga picha wake alikuwa Freddie Young, ambaye baadaye alipiga Lawrence of Arabia. Bobby Driscoll, aliyeigiza kama Jim, alikuwa Mmarekani wa miaka 12, na sheria za kazi za Uingereza hazikumruhusu mtoto wa kigeni kuigiza bila kibali. Shauri lilifika mahakamani, na muda uliopatikana kabla hajaondoka nchini ulitumiwa kwa haraka kumpiga picha zake kwanza. Huenda ndiyo sababu uso wa kijana yule una wasiwasi wa kweli.

Naomba mawazo yenu, hasa ya wale wanaodhani kwamba namwonea Haskin.

Msomaji wa Tanga:

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini na naheshimu hoja yako, lakini sikubaliani nayo, na nitakuambia kwa nini.

Kwanza, umesema kwamba kitabu hakitoi jibu. Soma tena aya za mwisho kabisa. Jim anasema kwamba huenda Silver amekutana na mkewe na anaishi kwa raha pamoja naye na kasuku wake, na anatumaini kwamba ni hivyo, kwa kuwa nafasi yake ya kupata raha katika ulimwengu ujao ni ndogo sana. Kumtumainia raha mtu aliyetaka kukuua ni msamaha, tena msamaha mkubwa. Mtengenezaji wa filamu hawezi kuionyesha sentensi inayosema "natumaini". Anachoweza ni kumpa Jim mikono na kumwonyesha akiisukuma mashua. Kwa maoni yangu Haskin hakubadilisha maana bali aliitafutia tendo.

Pili, hadithi hii iliandikwa kwa ajili ya vijana. Ilichapishwa kwanza kwa mfululizo katika jarida la Young Folks, kuanzia Oktoba 1881 hadi Januari 1882, na mwandishi akajiita Kapteni George North. Mtoto aliyekaa sinemani kwa saa moja na nusu akimpenda Silver ana haki ya kumwona akiondoka. Kumwambia kwamba ameondoka usiku wakati kamera iko kwingine ni kumnyang'anya.

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Tanga, nashukuru sana, kwa sababu umeugusa mstari ambao niliuruka nami nastahili kulaumiwa kwa kuuruka. Ni kweli Jim anatumaini. Lakini tazama wakati anaotumaini. Ni miaka imepita, kalamu iko mkononi, Silver yuko mbali asiweze kumdhuru wala kumpendeza. Msamaha huo umeiva peke yake kwa muda, bila mkosaji kuwapo, bila kuuomba na bila kujua kwamba ameupata. Filamu inauleta msamaha huohuo dakika ileile ambayo bastola imeshushwa. Tunda ni moja, lakini moja limeiva mtini na jingine limevundikwa.

Kuhusu hoja yako kwamba filamu haiwezi kuonyesha kutokuwapo, hapa ndipo ninapokukatalia kwa nguvu zote. Filamu inaweza. Mimi nimeiona kichwani mara nyingi. Kamera ingebaki na Jim ndani ya manowari ya Kiingereza. Tungeona taa, meza, matunda ya nchi ya joto, maofisa wenye mavazi safi wakicheka na kumuuliza kijana habari za safari, naye kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao anacheka kama mtoto. Mtazamaji naye angemsahau Silver kwa dakika chache. Kisha wangepiga makasia kurudi alfajiri, bila muziki, sauti ya maji tu, na sitahani wangemkuta Ben Gunn amesimama peke yake akisugua mikono. Kabla hajafungua kinywa, Jim angetazama mahali pale karibu na jiko ambapo Silver alizoea kukaa na gongo lake. Hapo mtoto aliyeko sinemani angepata kitu ambacho hakuna mashua iliyosukumwa inayoweza kumpa. Angejua maana ya kurudi nyumbani ukakuta mtu hayupo.

Wala usidhani kwamba watoto hawawezi kulibeba hilo. Stevenson aliianza hadithi hii mwaka 1881 huko Braemar, Uskoti, kwa ajili ya mtoto wa kambo wake, Lloyd Osbourne, aliyekuwa na miaka 13, siku za mvua walipochora pamoja ramani ya kisiwa. Kila sura ilisomwa kwa sauti mbele ya jamaa, na baba wa mwandishi, aliyekuwa mhandisi wa minara ya taa, alichangia orodha ya vitu vilivyokuwa ndani ya sanduku la Billy Bones, baharia mzee wa mwanzo wa hadithi aliyekuwa na ramani ya hazina. Kijana huyo wa miaka 13 ndiye aliyekuwa msikilizaji wa kwanza.

Baharia Mstaafu:

Nimefanya kazi melini miaka mingi katika njia ya Zanzibar, Moroni na Mutsamudu, kwa hiyo naomba niongeze jambo ambalo naona linatuhusu sisi watu wa bahari hii zaidi ya Waingereza wenyewe.

Silver anapojisifu ndani ya riwaya, anasema kwamba kasuku wake amefika Madagaska na Malabar, na kwamba amesafiri na nahodha England, haramia mkubwa. Anaitaja pia meli iitwayo Cassandra. Mambo haya hayakubuniwa. Edward England alikuwa haramia wa kweli, na Cassandra ilikuwa meli ya kweli ya Kampuni ya India Mashariki, chini ya nahodha James Macrae. Walipigana Agosti 1720 kwenye kisiwa cha Nzwani, katika Komoro, ambacho Waingereza walikiita Johanna. Meli mwenzake, Greenwich, ilikimbia na kumwacha Macrae apambane peke yake. Macrae aliipoteza meli, akakimbilia pwani akiwa amejeruhiwa, kisha baada ya siku kadhaa akajipeleka mwenyewe kwa maharamia ili kujadiliana nao. Kitabu cha kale cha historia ya maharamia kilichotolewa London mwaka 1724 kinaeleza kwamba walipokuwa wakibishana kama wamuue au wamwache, alitokea mtu mwenye sharubu za kutisha na mguu wa mti, aliyejizungushia bastola mwilini, akamshika Macrae mkono na kuapa kwamba alipata kusafiri naye, na kwamba atakayemgusa atakuwa na shauri naye.

Stevenson alikuwa na kitabu hicho alipoandika. Yeye mwenyewe alisema kwamba nguvu za Silver alizitoa kwa rafiki yake, mshairi William Ernest Henley, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kifua kikuu cha mifupa. Mimi simpingi. Lakini haramia wa mguu mmoja anayemwokoa mateka mbele ya wenzake wenye hasira alikwisha kuonekana Nzwani miaka 161 kabla, na tendo hilo ndilo analolifanya Silver kwa Jim ndani ya ngome.

Jambo jingine ni kwamba Silver anasema England ndiye aliyeiteka meli ya Makamu wa Mfalme wa Goa. Si kweli. Wakati meli hiyo ya Kireno ilipotekwa kisiwani Bourbon, ambacho leo ni Réunion, mnamo Aprili 1721, England alikuwa amekwisha kuvuliwa unahodha na watu wake waliomwona kuwa mpole kupita kiasi kwa kumwachia Macrae, nao wakamtelekeza Mauritius. Walioiteka ni John Taylor na Mfaransa Olivier Levasseur. Silver ama anadanganya, ama anasimulia kama mabaharia wanavyosimulia.

Mleta uzi:

Mzee wangu, nakupa heshima zako. Nilikuwa najua kuhusu Henley, lakini nilikuwa sijauunganisha mkono ule wa Nzwani na ngome ya Jim, na sasa siwezi tena kuvitenganisha. Hata huyo England wako aliangushwa na huruma yake, na Silver analijua hilo, kwa maana anadai alikuwa chini yake. Labda ndiyo sababu anahakikisha kwamba kila huruma anayoitoa ina malipo.

Nami naongeza kidogo kwenye maelezo yako. Kilio cha kasuku, ambacho ndilo neno la mwisho la riwaya, kinahusu sarafu ya fedha ya Kihispania iliyokuwa na thamani ya reale nane. Wazee wetu wa pwani waliposema "reale" walipokuwa wakihesabu mahari au bei ya karafuu, walikuwa wanatumia jina lililotoka katika sarafu hiyohiyo. Kwa msomaji wa Kiswahili kasuku yule si mgeni kiasi hicho.

Dada wa Mkunazini:

Wote mmeongea kama wanaume wa melini, kwa hiyo nami naomba niulize habari za mwanamke. Kaka mleta uzi, umeandika juu ya kuachwa bila kwaheri, lakini mbona hukumtaja mtu pekee ambaye Silver hakumwacha?

Bwana Trelawney anaandika katika barua yake kwamba mke wa Silver ni mwanamke mweusi, na anaandika kwa dharau, akidhani kwamba mume anarudi baharini ili kumkimbia. Msomaji anaamini, kwa sababu bwana mkubwa amesema. Kisha tunafika kwenye pipa la matufaha, na Silver anawaeleza wenziwe kwamba fedha zake zote zilizokuwa katika benki za Bristol sasa ziko mikononi mwa mkewe, kwamba kilabu kimeuzwa na kila kilichomo, na kwamba mke yuko njiani kwenda kukutana naye mahali ambapo hatapataja mbele yao. Mtu asiyemwamini nahodha, asiyewaamini waasi wenzake, asiyemwamini hata Mungu, amemwachia mali yote mwanamke huyo na kumwelekeza mahali pa kukutana. Hicho ndicho kifungo cha uaminifu kilicho imara kuliko vyote katika kitabu kizima, na Stevenson amekiweka nje ya ukurasa.

Filamu ngapi zimemwonyesha? Mimi najua moja tu, ile ya televisheni ya Uingereza ya mwaka 2012, ambamo Eddie Izzard ni Silver na Nina Sosanya ndiye mkewe. Humo ana sura, ana jina, ana hasira zake. Filamu ile ina makosa mengi, lakini kwa hilo peke yake niliitazama hadi mwisho.

Mleta uzi:

Dada, sina cha kujitetea. Nimekisoma kitabu hiki mara nyingi na nilimhesabu mama huyu kuwa kipande cha mapambo. Sasa naona kwamba mwisho wa riwaya hauwezi kueleweka bila yeye. Silver anapotoroka usiku ule na mfuko mmoja wa sarafu, kuna mtu anayemngojea katika bandari fulani, mwenye fedha zilizohesabiwa na kutunzwa. Kwaheri aliyomnyima Jim inatokana na miadi aliyoiweka kwingine kabla hata meli haijang'oa nanga. Kijana alikuwa akijiuliza kama anapendwa na mtu ambaye tayari alikuwa na nyumba ya kurudi.

Na hilo linanifanya nizione upya filamu zote nne nilizozitaja. Ili Silver na Jim wawe kama baba na mwana, mke alipaswa kutoweka, kwa sababu angekuwapo ingebidi tukubali kwamba Jim hakuwa kitovu cha moyo wa Silver.

Mwalimu wa Sekondari:

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha. Nina wanafunzi wa kidato cha pili ambao ningependa kuwaonyesha filamu mojawapo baada ya mitihani, na nina muda wa vipindi vitatu tu. Mngenishauri nichukue ipi? Nimesikia kwamba ile ya Charlton Heston ndiyo inayofuata kitabu zaidi.

Mleta uzi:

Mwalimu, ni kweli kwamba ile ya 1990, iliyoandikwa na kuongozwa na Fraser Heston, mwana wa Charlton Heston, inashikamana na maneno ya kitabu kuliko nyingine ninazozijua. Christian Bale ndiye Jim, akiwa na umri mkubwa kidogo kuliko akina Driscoll, na Oliver Reed kama Billy Bones anatisha kwelikweli. Chombo kilichotumika kama Hispaniola ni Bounty, merikebu halisi ya matanga iliyojengwa mwaka 1960 kwa ajili ya filamu nyingine, ambayo ilizama mwaka 2012 katika kimbunga Sandy. Silver wa Charlton Heston ni mkavu, mzee, mwenye hatari isiyofichwa. Kwa wanafunzi wakubwa ningeichagua hiyo bila kusita.

Lakini kwa kidato cha pili mimi ningefanya hivi. Kipindi cha kwanza ningewasomea kwa sauti sura mbili tu, ya 8, ambamo Jim anakutana na Silver kilabuni, na ya 11, ya pipa la matufaha, bila kuwaambia watafute nini, ili waone wenyewe kama watayatambua maneno yaliyorudiwa. Kipindi cha pili na mwanzo wa cha tatu ningewaonyesha filamu ya 1950, kwa ajili ya Newton. Hakikisha umepata nakala kamili, kwa sababu ilipotolewa upya Marekani mwaka 1975 baadhi ya mandhari ya ukatili yalikatwa ili iweze kupewa daraja la watoto wote. Ningeisimamisha mahali ambapo mashua inakwama mchangani, ningewasha taa, na ningewasomea ukurasa ule wa sura ya 34 unaoanzia waliporudi kutoka kwenye manowari. Kisha ningewaruhusu waone Haskin alivyoimaliza, na muda uliobaki ningewaachia wao waseme ni Silver yupi wanayemwamini.

Tafadhali rudi hapa utuambie walivyosema. Na kama yupo msichana atakayeuliza mke wa Silver yuko wapi, naomba uliandike ubaoni jina la msichana huyo.